Kuanguka kwa Sedekia

Sinema ya vichekesho iliyoletwa na gari la serikali iliwapendeza sana watu wa Igawa, hata Sedekia, fundi seremala, akaamua kuiigiza upya uwanjani. Yeye ndiye aliyeigiza mlevi anayepanda paa kumkimbia mkewe.

Jumamosi alasiri akapanda paa la ghala, akateleza, akaanguka kwa kishindo. Watu wakaangua kicheko.

“Mguu wangu, jamani!” alilia. Wakazidi kupiga makofi.

Mkewe, Ikupa, naye alicheka, mpaka akakumbuka kwamba mlevi wa kwenye sinema alipoanguka aliinuka papo hapo. Akawapenya watu mbio, akaushika mguu. Mfupa ulikuwa umevunjika.

“Nyamazeni! Ameumia kweli!”

Wakacheka tena, wakidhani naye anaigiza. Ikupa akaanza kulia. Hapo ndipo waliponyamaza, wakaleta kitanda wambebe.

Sedekia alipona, lakini alichechemea maisha yake yote.