Wimbo wa Mama Uliotunzwa Dar es Salaam

Siku hiyo naikumbuka, wanangu, kwa sababu nilinuna mpaka jioni. Nilikuwa binti, nafunga vitabu kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Ifakara. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amezunguka kijiji cha Michenga akikusanya nyimbo za Kindamba ambazo kina mama huimba wakifukuza ndege kwenye mpunga. Mmojawapo alikuwa ameutunga mama yangu mzazi. Kitabu kikatoka, chembamba, nakala chache. Mwalimu akaniambia nifunge nakala za kupeleka Maktaba ya Taifa, maana ndivyo sheria inavyotaka kwa kila kinachochapwa nchini.

Nikamaka! "Mwalimu, kwa heshima yako, huko Dar wanalima mpunga wapi? Kina mama wenyewe walioimba, wengine hawajapata."

"Funga, binti," akasema. "Hivi vya kwetu vitasomwa mpaka viishe. Kule kuna mtu ameajiriwa kuhakikisha haviishi."

Nikafunga, mdomo nimeuvuta hivi.

Na kweli vya kwetu viliisha. Si mnatujua? Msimu wa kilimo tunahamia shamba na kila kitu, basi na vitabu tukavibeba, kwa kuwa nyimbo zenyewe huimbwa kule. Umande, mchwa, wazee wenye kusokotea tumbaku kurasa zake, halafu mafuriko yakamalizia. Mwalimu naye akafariki.

Mwaka jana mama alianza kusahau. Jina langu likamtoka, nyumba yetu ya Lipangalala akaiona ya wageni. Alibaki na wimbo wake tu, tena nusu. Anaanza vizuri, akifika katikati unakatika, analia. Nilikuwa natoka nje nikalie peke yangu. Wimbo ule ulipita mikononi mwangu, na hata mstari siukumbuki!

Mjukuu wangu anasoma Dar. Nikamtuma Maktaba ya Taifa akakitafute kile kitabu. Akakikuta, jamani, kimetulia kabatini pamoja na magazeti ya zamani na vitabu vya lugha za makabila ambayo hata siyajui. Vile hawaazimishi, unasomea palepale. Akanakili kwa mkono, akatoka nje, akapiga simu, nami nikaweka sauti kubwa karibu na kitanda.

Akaanza kuisoma ile nusu iliyopotea, Kindamba chake cha kubabaisha. Hakufika mbali. Mama aliudaka, akauimba mpaka mwisho, akanitazama kwa ukali: "Huyu mtoto nani kamfundisha wimbo wangu?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Watu wa maktaba siwajui kwa sura, lakini nawashukuru kila nikisali.

Basi sikieni, wanangu. Mkichapa chochote, historia ya kijiji, kijitabu cha kwaya, hata ninyi Wasukuma mliokuja na ng'ombe wenu na ngoma zenu, pelekeni nakala Maktaba ya Taifa kabla hamjagawana. Msinune kama mimi. Mungu awape umri mrefu, na mkianza kusahau, awajalie mtu wa kuwaanzishia pale mlipokwama.