Shujaa Mmoja wa Soweto West

Leo nimeona mwandishi akianikwa na shujaa wake mwenyewe.

Ameandika maisha ya Mama Achieng, jirani yangu, yule alizuia tingatinga isibomoe nyumba zetu hapa Soweto West.

Kitabu kishachapishwa ndio anakuja kumwona mara ya kwanza. Eti Mama apigwe picha amekishika!

Mama akaniambia nimsomee.

Kumbe kitabuni alilala mbele ya tingatinga peke yake!

"Na wale wamama wengine kumi na moja niliolala nao?" Mama akauliza.

Bwana mkubwa akatabasamu. "Mama, wasomaji hupenda shujaa mmoja."

Mama akamrudishia kitabu.

"Ningelala peke yangu, hiyo tingatinga ingenikanyaga. Ungeandika kuhusu nani?"

Na bado jamaa akaomba ile picha.

Niambieni, hiyo ni uso ama ni mabati?