Ukuta wa Mama Rula

Dada yangu ni fundi wa fremu za picha. Watu wanamwita Mama Rula kwa sababu rula haimtoki mkononi, na ukimkera anakunyooshea hiyo hiyo. Duka langu la vitambaa limepakana na lake, kwa hiyo mambo yake nayajua kuliko anavyopenda. Ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Akienda kumjulia hali mgonjwa, kwanza ananyoosha kalenda ukutani, ndipo anauliza homa imeshuka au vipi. Harusini kwa binamu yetu alipanda jukwaani, sote tukajua anatoa zawadi, kumbe anaweka sawa pazia nyuma ya bibi harusi.

Vyeti, picha za harusi, picha za marehemu, vyote anavitia fremu na wenyewe wanaondoka navyo. Lakini nyuma ya meza yake ya kukatia mbao kuna ukuta ambao hautundikwi kitu ovyo. Pale hukaa kile tu ambacho yeye mwenyewe amekikubali kuwa ni sanaa: mwanamke anayefua, aliyechorwa kwa mkaa, mvua juu ya mabati, mikono ya mzee mmoja hivi. Mteja akinyoosha kidole kugusa, rula inatua mezani, pa! "Picha inaangaliwa, haishikwi."

Binti yake, Kitufe, aliutamani ukuta huo tangu utotoni. Jina hilo tulimpa kwa sababu hakuna swichi iliyopona mbele yake. Alichora paka, akachora jua, akamchora mama yake. "Nzuri, mwanangu," Mama Rula alikuwa akisema, halafu anazibandika kwenye friji. Friji jamani! Dada yangu ana roho nzuri, ila kwa ukuta ule alikuwa mgumu hadi nikatamani kumfinya.

Sasa Kitufe ni mtu mzima na anatengeneza magemu. Siku aliyosema kwamba gemu nalo ni sanaa, duka lilichemka. Mwalimu wa sanaa, aliyekuja kuchukua fremu zake, akajitosa.

"Gemu lina kushinda na kushindwa," alisema. "Nani amewahi kushindwa na picha?"

"Mimi," nikamjibu. "Ile yako ya mwaka jana mpaka leo sijaielewa."

Mama Rula hakucheka. "Sanaa ni mtu akuone, mpaka mwenyewe ukiri kwamba umeonekana. Hayo ya kubonyezabonyeza ni midoli. Na hao wachezaji wenyewe, kutwa wameziba masikio, wanatukanana na watu wasiowajua!"

"Wapo wa hivyo, mama," Kitufe alisema. "Wapo pia waliomlilia farasi wa kwenye gemu kama wamefiwa. Na mashabiki wa mpira, mbona wanatukana na hamjasema mpira upigwe marufuku?"

Ningemtetea, lakini nilikuwa nimeinamia simu, hatua ngumu kabisa ya gemu langu la kupanga peremende. Baadaye alinifuata dukani, macho mekundu. "Mama mdogo, sifa za watu wengine ninazo. Mimi nautaka ule ukuta." Nilimwonea huruma mtoto wa watu.

Jumamosi moja asubuhi alikuja na tableti. Ndani yake kulikuwa na nyumba yenye vyumba vingi, na kazi yako ni kutafuta njia ya kutoka. Nilianza mimi, mtaalamu. Nilifungua droo, nikapekua chini ya zulia, nikapindua masufuria. Funguo hakuna.

"Gemu lako bovu," nikamwambia, nikamsukumia dada yangu.

Mama Rula aliishika tableti kwa ncha za vidole, kama nepi iliyotumika. Akaingia chumba cha kwanza, akasimama.

"Hii picha ukutani imekaa upande."

"Wewe cheza tu, dada," nilisema.

"Nitachezaje na picha imekaa upande?"

Kitufe alikuwa anauma mdomo. Mama yake akaweka kidole kwenye kioo, akaisukuma kona ya ile picha, taratibu. Akainamisha kichwa kama anavyofanya kazini. Imezidi. Akairudisha kidogo. Basi, ukuta mzima ukafunguka, na huko nje kulikuwa na barabara, jua, na watu wanaofungua maduka.

"Hakuna funguo," Kitufe alisema. "Mlango ndio huo. Kila niliyempa kujaribu anaipita hiyo picha. Nilijua wewe hutaipita."

Mama Rula alikaa chini, rula ikamponyoka. "Umeniona," alisema. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Yangu mimi niliyasingizia vumbi la mbao.

Kisha akainuka, akafuta uso kwa kanga yake, akachukua tepu na kuipima tableti, marefu na mapana, akarudia. Akachagua ubao mweusi wa fremu aliokuwa ameutunza kwa ajili ya kazi ya maana. Akamhamisha mwanamke anayefua, akaacha nafasi katikati ya ukuta. Kitufe akaenda kumletea kipande cha kioo.

"Kirudishe," mama yake alisema. "Hii haiwekwi kioo. Watu wataishikaje?"