Saa ya Babu Dakika Ilipolala

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mhudumu wa shule ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono wa kushoto una plasta. Mkewe ameishika saa ya mkono ya mumewe kwa vidole viwili, naye anazungusha kitufe cha pembeni taratibu.

"Ishirini na tisa, thelathini. Basi, mama watoto, imeshiba."

Kwa miaka thelathini na moja amegonga kengele ya shule, mara kumi na nne kwa siku, na wanafunzi wamempachika jina la Babu Dakika. Saa yake ni ile inayojijaza yenyewe mkono unapotembea. Hakuwahi kuitia ufunguo.

"Niliambiwa ukiizungusha tu, springi inakatika," anasema. "Nikakiogopa kile kitufe kama nyoka."

Mwezi uliopita aliteleza kwenye ngazi akisafisha mfereji wa paa, mkono ukavunjika. Saa ikahamia mfuko wa shati, na usiku ikawa inalala mezani.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho aligonga kengele kifua mbele. Kumbe watahiniwa walikuwa wamesimama mlangoni dakika kumi na moja nzima.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Watahiniwa walifidiwa muda wao, lakini mkuu wa shule hakumung'unya maneno: "Mzee wangu, nakuheshimu, ila kamati inataka kengele ya umeme. Nakupa wiki moja."

Alikwenda moja kwa moja kwa fundi saa, mwanamke mwenye kibanda nyuma ya soko. Fundi aliifungua, akacheka.

"Nzima kabisa hii, ina njaa tu. Alfajiri ilisimama dakika chache, ulipoinyanyua ikaendelea pale ilipoishia."

"Nikiizungusha haikatiki, mwanangu?"

"Ikijaa, springi inateleza yenyewe. Mara thelathini kila asubuhi mpaka plasta itoke. Baada ya hapo ivae, utembee zako."

Wiki ilipotimia, mkuu wa shule alisimama chini ya kengele, simu mkononi. Kengele ikalia saa mbili kamili.

"Mambo ya umeme tuyaache kwanza," alisema, akarudi ofisini.

Mke wa Babu Dakika naye ana lake. "Miaka yote hajawahi kuniomba hata nimshikie nyundo. Plasta ikitoka, asubuhi hizi nitazikumbuka."

Mzee amebakiza miaka miwili kustaafu, na fundi amemwahidi kiti kibandani kwake, ajifunze kazi.

"Macho bado yanaona," anasema, akishusha sauti. "Bisibisi ndogo nimeshanunua. Mama watoto anadhani ni ya miwani."