Filamu Isiyosema Ng'ombe Wako Wapi

Walisema sitaweza. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyenipa jenereta kwa mkopo, alisema ataichukua Krismasi ikifika kama sijamlipa. Shangazi, aliyenikopesha pesa za televisheni na deki ya video, aliwaambia akina mama wa kanisa, "Mtu amekaa ng'ambo miaka hiyo yote, anarudi na diploma ya filamu na kamera. Sasa kamera utakula?"

Nilifungua chumba cha video Kitengela. Hakuna aliyejua filamu kama mimi, lakini siku ambazo si Jumapili niliwaonyesha viti vitupu ngumi na risasi.

Siku moja ya soko, wazee wa Kimaasai waliokuwa wameuza mbuzi waliingia. Nikawawekea filamu ya wezi wa ng'ombe. Shujaa akawaua wezi wote, akambusu binti wa mwenye ranchi, ikaisha. Nikafungua mlango. Hakuna aliyeinuka.

"Ero, kijana, endelea," mzee mwenye koti juu ya shuka akaniambia.

"Imeisha, mzee."

"Imeisha aje? Ng'ombe walirudi?"

"Wezi wamekufa wote."

"Nani ameuliza wezi? Kulikuwa na mmoja mweupe wa madoa, ananyonyesha. Ndama alibaki boma."

"Na huyu kijana anabusu msichana na mifugo ya mkwe iko mtoni!" mwenzake akasema. "Mimi singempa hata mbwa."

Wakacheka, wakanilazimisha kurudisha kanda nyuma. Ng'ombe mweupe alionekana akiingia mtoni. Kutoka, hakuonekana. Wakaondoka wakinung'unika kwamba wameuziwa kelele.

Mwingine angewacheka. Mimi nilielewa kile ambacho chuo hakikunifundisha: mtazamaji hujichagulia swali lake, na filamu kubwa ni ile inayomjibu. Hadithi ikishika swali hilo, mengine yote ni mapambo. Nikafunga chumba, nikabeba kamera hadi Kisaju, kwa wafugaji.

Ulikuwa wakati wa ukame. Mjane mmoja alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja mwekundu, na wanawe walikuwa wakimpeleka upande wa Rombo kutafuta nyasi. Nilimpiga picha mjane akimshika ng'ombe shingo, akimwambia maneno ya Kimaa ambayo sikuomba nitafsiriwe. Kisha tukangoja, yeye ng'ombe wake, mimi mwisho wa filamu yangu. Krismasi ilikuwa inakaribia, na kama ng'ombe angefia njiani, ningekuwa na kanda ya mwanamke akitazama barabara.

Mvua ikanyesha. Mifugo ikaanza kurudi, mbavu nje, mingine ikiwa imebaki njiani. Mwekundu hakuwemo kundi la kwanza, wala la pili. Alifika nyuma ya wote, akichechemea. Mjane alipiga kelele, na mimi, mtu wa diploma, mikono ikanitetemeka hadi picha yote ikayumba.

Niliacha hivyo hivyo. Siku ya soko chumba kilijaa, watu wakasimama hadi mlangoni. Kijana mmoja alilalamika kwamba picha inacheza.

"Wewe nyamaza," wakamkemea, "amefika!"

Walirudi wiki baada ya wiki, wakaleta wake zao, wakaniita hadi Kajiado mjini nikaionyeshe huko.

Kabla ya Krismasi nilimlipa mwenye duka mbele ya wateja wake, jenereta ikawa yangu. Kisha nikampelekea shangazi pesa zake zote, na kitenge juu. Alinipikia chapati. Nilikula, nikajinyoosha kwenye kochi lake mchana kweupe, nikalala kama mtoto.