Gadenia ya Mke Wangu

Mke wangu alipokwenda kusomea ukunga mkoani, aliniachia mmea wa gadenia uliopandwa ndani ya debe la mafuta ya kupikia. Alikuwa amepewa na mama mmoja mgeni ambaye mke wangu alikuwa akimlelea watoto, siku yule mama alipofunga virago kurudi kwao. Ulikuwa mti mfupi, wa kufika kiunoni, wenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Maua yake ni meupe, na moja tu likifunguka, chumba kizima hunukia.

Tuliishi Eastlands katika nyumba ya kaunsili, chumba kimoja na jiko tulilochangia na jirani. Nje mmea ule haukuwekeka, maana mbuzi wa mtaa walikuwa wametafuna hata mahindi ya kando ya mtaro. Ulikaa ndani, karibu na dirisha.

Safari ile nilikuwa nimemkataza. Nilimwambia tuna mwaka mmoja tu wa ndoa, na kwetu magharibi watu watauliza amekimbilia nini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akapanga nguo zake. Asubuhi ya kuondoka hakusema mengi. Aliniambia nisiuache mmea ukauke, akachukua sanduku lake, akatoka. Hatukuwa tumepatana vizuri.

Basi nilihakikisha haukauki. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini niliumwagilia kopo zima la maji, na jioni nikauongezea jingine. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye na chumba kilikuwa kimya, mikono ikitafuta kazi. Mwezi wa sita majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Kwanza mawili, halafu matano. Nilidhani ni kiu, nikazidisha maji.

Nilikuwa karani wa bohari Industrial Area, kazi ya kuandika magunia yanayoingia na yanayotoka. Nilianza kukosea hesabu za magunia. Saa ya chakula wenzangu walipokwenda kununua mandazi, mimi nilitembea mbio hadi nyumbani kuangalia kama jani jingine limeanguka, kisha nikarudi mbio na jasho mgongoni. Nilikuwa nimeuhamisha kutoka dirishani hadi mezani kwa kuogopa baridi. Nikautoa mezani nikauweka karibu na jiko la makaa kwa ajili ya joto, na majani yakakauka ncha. Nikaurudisha dirishani. Ulikuwa na vitumba sita vya maua, na kila nilipouhamisha kimoja kilidondoka. Sikuona uhusiano. Niliona tu kwamba vinapungua, nami nikazidi kuuhamisha.

Kisha nikakuta wadudu weupe, wadogo, kama vipande vya pamba vilivyonata penye vikonyo vya majani. Niliwafuta mmoja mmoja kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Baada ya siku nne walikuwa wamerudi. Nikawafuta tena. Nilidhani udongo nao umechoka, nikachota ule mweusi wa nyuma ya nyumba, unaonata kwenye viatu wakati wa mvua, nikaushindilia juu ya ule wa zamani. Hapo ndipo majani yalipoanza kuanguka kwa wingi.

Barua za mke wangu zilikuja kila baada ya majuma mawili. Aliandika habari za chakula cha bwenini na za mwalimu wake mkali, na mwishoni aliuliza mmea wake uko vipi. Nilijibu kwamba hauna neno. Barua ya tatu nikaongeza kwamba karibu utatoa maua. Kwa nini niliandika hivyo sijui. Nilikuwa nimembishia safari, na sasa sikutaka aone kwamba hata debe moja lilinishinda.

Mwisho wa mwezi wa saba akaandika kwamba amepewa ruhusa ya siku tatu, na kwamba atakuja baada ya majuma mawili.

Jirani tuliyechangia naye jiko alikuwa mchongaji kutoka Ukambani. Alichonga twiga na vifaru vya kuuzwa mjini, akikaa mlangoni pake na mbao kati ya magoti. Hakuwa mtu wa maneno. Siku hiyo alinikuta nimelitoa debe nje, nimesimama tu.

"Karani," akasema, "kila siku unabeba hicho kitu kama mtoto mgonjwa. Kina nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na barua. Aliweka patasi chini, akaja akakwaruza gome la shina kwa ukucha wa kidole gumba. Ndani kulikuwa kijani.

"Mimi kazi yangu ni miti iliyokufa," akasema. "Huu bado."

Aliniambia tuutoe tuone mizizi. Tulipouchomoa ulitoka na harufu ya mtaro uliosimama, na maji meusi yakamwagika miguuni petu. Akageuza debe, akalitazama chini, akanionyesha. Halikuwa na tundu hata moja. Mke wangu alikuwa akiumwagilia kidogo sana, mara mbili kwa juma, nikakumbuka hivyo baada ya mambo kuharibika. Mimi nilikuwa nimeuzamisha. Mizizi mingi ilikuwa ya kahawia na laini, ikiteleza vidoleni.

Alitoboa debe kwa msumari na nyundo. Tulikata mizizi iliyooza kwa kisu chake, na matawi nusu, ili mizizi iliyobaki isielemewe. Ule udongo mweusi akanikataza kabisa, akisema unashika maji kama bakuli. Dereva mmoja wa bohari aliyekuwa akipeleka mizigo Limuru nilimwomba, akaniletea gunia dogo la udongo mwekundu wa chini ya michai. Nikauchanganya na mchanga.

"Sasa uweke mahali pamoja," mchongaji akaniambia, "na uuache."

Lilikuwa agizo gumu kuliko yote. Mikono yangu haikutaka kutulia. Nilijaribu udongo kwa kidole, nikaukuta mbichi, nikazunguka chumba, nikaujaribu tena. Majuma mawili yalipita na hakuna jani jipya.

Mke wangu alifika Ijumaa alasiri. Alilitua sanduku na macho yake yakaenda dirishani. Pale palikuwa na vijiti vinne na majani saba.

"Uliandika hauna neno," akasema.

"Niliandika uongo."

Nikamweleza mambo ya maji, ya jiko, ya udongo. Nilitarajia akasirike. Aliketi kitandani bila kuvua koti.

"Hata mimi kuna kitu sijakuandikia," akasema. "Nikimaliza, wananipeleka hospitali ya huko huko. Miaka miwili. Nimejua tangu mwezi wa sita."

Niliinuka. Nikaenda dirishani, nikashika debe nilisogeze kwenye mwanga zaidi.

"Liache hapo," akasema. "Na wewe kaa."

Nikakaa. Tulizungumza hadi chai ikapoa, bila kupandishiana sauti, na mengine yalikuwa yale tuliyopaswa kuyasema kabla hajaondoka. Hatukukubaliana juu ya yote. Jumatatu nilimsindikiza hadi kituo cha basi, na safari hii nilibeba sanduku mimi.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokaribia, macho ya majani yalichomoza chini kidogo ya pale kisu kilipopita. Nilimwandikia siku hiyo hiyo. Nikamwambia pia kwamba wale wadudu weupe wamerudi, watatu, na kwamba nimeomba likizo niende kumwona.