Funda la Kwanza

Kwetu Uvira, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Chupa ya soda haifunguliwi jikoni. Huletwa na kizibo chake, mgeni akakiona, ndipo ikafunguliwa. Bia, chai, hata maji: mwenye nyumba hupiga funda la kwanza, kisha anakupa. Hakuna anayeeleza kwa nini, maana sote tunajua. Tunaogopa sumu kuliko tunavyoogopa mamba wa ziwani. Watu wa nyumba moja na marafiki wa kweli, hao tu ndio hawaonjeani.

Mimi na rafiki yangu hatukuwahi kuonjeana. Yeye ni Mwislamu wa Kalundu, upande wa bandari, wa zile familia zilizoingia na biashara ya ziwa tangu enzi za mababu. Mimi ni Mkatoliki, mjane, mshonaji, na cherehani yangu iko barazani kwangu Mulongwe. Tulijuana nilipomshonea gauni la Idi. Alilalamika kuhusu mikono, nikamjibu vibaya, naye akanijibu vibaya zaidi, na tangu siku hiyo tukapendana.

Alikuwa na meza ya chai, mandazi na sambusa karibu na bandari. Kila Jumamosi alasiri mimi nilifunika cherehani, yeye akafunika meza, tukaenda kula vya watu wengine. Hiyo tuliiita kutembeza mdomo. Ndagala, yaani dagaa, wa kukaanga, mbuzi wa kuchoma, samaki mukeke mzima na ndizi, sahani moja, mkono wake na wangu. Kichwa cha samaki kilikuwa chake, hilo halikuwa na mjadala. Alikula huku akitoa hukumu: pilipili hii imelala, mafuta haya yamechoka, huyu mama leo amegombana na mumewe, onja chumvi utajua. Nilicheka mpaka samaki akanipalia.

Kisha nikaanza kuugua. Tumbo lilijaa kama ngoma, chooni sikutoka, na nilikonda hadi nguo nilizojishonea mwenyewe zikanikataa. Mtaani walisema nimelishwa, yaani nimetiliwa sumu katika chakula. Wifi yangu, mwanamke wa moyo mzuri na mdomo mrefu, alinipeleka kwa mganga aliyenitapisha siku tatu. Nilitapika kila kitu isipokuwa ugonjwa.

Mwishowe nilivuka mpaka nikaenda Bujumbura. Daktari alinipima damu, akaniteremshia mpira tumboni kupitia mdomoni, akaandika jina la Kifaransa, seliaki. Akaeleza kwamba mwili wangu unaikataa ngano. Si ngano nyingi, ngano yoyote, hata chembe, na hali hiyo haitaisha. Shayiri pia, kwa hiyo bia kwaheri. Nilimwuliza dawa yake ni nini. Alisema dawa ni kutoila. Niliona hiyo si dawa, ni adhabu, lakini nilimshukuru nikarudi nyumbani.

Mtu ataniambia: ninyi si mnakula ugali wa muhogo, shida iko wapi? Shida iko nje ya nyumba. Nyumbani ninakula muhogo wangu na sombe ya majani yake, vizuri kabisa, peke yangu. Nje, samaki amepakwa unga wa ngano ili asigande kikaangoni. Ndizi zimeingia katika mafuta yaliyotoka kukaanga mandazi. Na mwenzako ameshika chapati kwa mkono uleule anaoutia katika sahani yenu.

Nilimweleza rafiki yangu. Kwanza alicheka, akasema nimepata ugonjwa wa mabibi wa Ulaya. Kisha akaona uso wangu, akasogeza sambusa zake mbali nami. Basi niliacha sambusa zake, nikaacha mandazi yake. Baada ya miezi michache mashavu yakarudi, nyonga zikarudi. Nilifurahi kama mjinga. Nilishona gauni jipya nikalivaa kanisani, watu wanione.

Waliniona, na mtaa ukajiuliza. Huyu alikuwa anakufa, sasa amenenepa. Ameacha nini? Ameacha kula kwa yule mwanamke wa bandarini. Basi ni nani aliyekuwa anamlisha?

Wifi yangu alilisema matangani, mbele ya watu, kwa sauti ya kunionea huruma. Nilisimama nikaeleza ngano. Nilieleza daktari, damu, mpira. Walinisikiliza kwa adabu. Mzee mmoja akaniuliza kama Wazungu, wanaokula mkate asubuhi na jioni, wamekwisha kufa wote. Kila nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuniona mtu mwema, anayemfichia adui siri yake. Nilirudi nyumbani nina hasira na kila mmoja wao, na mimi mwenyewe pia, kwa lile gauni.

Wapagazi wa bandari walianza kunywa chai upande wa pili wa njia. Sambusa zake zilishinda juu ya meza mpaka zikapoa.

Nilifikiri niende nikale moja hadharani, niwazibe midomo. Lakini nililijua tumbo langu. Kabla ya jua kuchwa ningekuwa nimejikunja kitandani, na wifi angekuwa mlangoni na majirani nyuma yake. Nikila, nitaugua, wao watapata ushahidi. Nisipokula, wanao tayari. Sijawahi kuonewa na kitu kidogo kama sambusa.

Jumamosi zetu zilikufa bila kugombana. Mara yeye ana mgeni, mara mimi nina gauni la bibi harusi. Nikaanza kutembeza mdomo peke yangu. Meza tulizozizoea zimemezwa na ziwa lilipopanda, kwa hiyo ninakaa juu kidogo, kwa mama anayechoma samaki kwa chumvi tupu. Ninakwenda mapema, wavu ukiwa safi, na kisu ninaleta changu. Watu wanakiangalia kisu, wanaangalia nisivyogusa sosi, wananong'ona kwamba yule ndiye yule aliyelishwa. Na samaki ni mtamu, sitadanganya. Ngozi inapasuka, mafuta yanatiririka hadi kwenye kiwiko, ninafumba macho. Nikifumbua, sahani ina nusu ya pili. Mukeke ni samaki wa watu wawili. Kichwa ninakiacha.

Mwaka huu, Jumamosi moja, nilishindwa kuvumilia. Nilinunua mukeke, kikaango kipya, chupa ya mafuta na unga wa muhogo, nikavitia katika kikapu nikaenda Kalundu. Nilitaka anikaangie samaki, pale pale, mbele ya bandari nzima. Nile, nipone, waone. Niliona nimebuni jambo la akili sana.

Meza yake ilikuwa na mteja mmoja tu, na huyo alikuwa amelala. Rafiki yangu alifurahi kuniona, najua alifurahi, meno yalionekana kabla hajayaficha. Nilimweleza mpango wangu huku nikitoa kikaango. Alikirudisha kikapuni taratibu, akakifunika kwa kitambaa.

"Dada, minye siwezi," alisema. "Weye ukishikwa hata na malaria tu, batasema ni minye."

Miezi mitatu haipiti bila malaria kunishika. Upande wa pili wapagazi walikuwa wanatutazama. Kuondoka hivyo, bila kutia kitu mdomoni, kungekuwa kummaliza. Nikamwomba chai.

Alichukua kikombe akakisuuza mara mbili kwa maji ya moto, maana kuhusu chembe za mandazi hakuwa amesahau. Akamimina. Akasimama wima, akageuka kidogo ili wa upande wa pili wamwone vizuri, akapeleka kikombe mdomoni mwake. Alipiga funda moja kubwa, akalimeza, koo likapanda likashuka. Kisha akanipa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni.

Alifanya sawasawa. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Lakini nilitaka kulia. Kwa miaka yote tuliyokula sahani moja, hata siku nilipokuwa mifupa mitupu na mtaa mzima unasema sumu, hakuwahi kunionjea.

Nilikunywa. Alikuwa ameweka sukari kama ninavyopenda bila kuuliza. Sijafika nusu ya kikombe, wapagazi wawili wakavuka njia, wakavuta benchi, wakaagiza chai na sambusa nne. Akaenda kuwahudumia. Nilimaliza yangu yote, nikamshukuru kama mgeni anavyoshukuru, nikachukua kikapu changu nikaondoka.